Mbegu ya Jumatatu

Kibokoni, Mombasa
10 Machi 1996

Shangazi yangu Nasiha,

Assalaamu alaikum. Huku sote wazima, na asiye mzima ana sababu ndogo tu. Bibi goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini halimsumbui akishuka kwenda kwa jirani. Baba hatoki dukani. Ana kanzu kumi na mbili za harusi, na anasema mabwana harusi wote wa mwaka huu wana mabega yasiyolingana. Mimi nimeongezeka urefu, basi.

Sasa shida yangu, ambayo ni aibu. Mwalimu Kiti, anayetufundisha biolojia, aliuliza nani ataingia mashindano ya sayansi ya mwezi wa Julai. Mimi nikainama kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Nilipoinuka, jina langu lilikuwa ubaoni. Lewis, ninayekaa naye dawati moja, yule wa Majengo anayecheka kwa pua, alikuwa amenyoosha mkono na kunitaja. Nikamwuliza nimemkosea nini.

"Wewe unasoma hata karatasi za kufungia njugu," akasema. "Bora usome kitu chenye faida."

Unanijua, Shangazi. Nikisimama mbele ya watu, sauti huondoka kwanza, kisha miguu hutaka kuifuata. Mwaka jana nilipewa tangazo nisome gwarideni, tangazo la kofia iliyopotea. Mwenyewe alikata tamaa kabla sijafika kwenye rangi yake.

Nilijaribu kumpoteza Mwalimu Kiti kwa mazungumzo. Nikamwambia nina shangazi Uskochi anayesomea vijidudu kwa shahada ya pili. Badala ya kupotea, akafurahi. "Basi mwandikie huyo, tupate kitu kipya." Ndiyo maana nakuandikia. Tafadhali nieleze unachofanya huko kama ambavyo ungemweleza Bibi, ila mimi nieleze polepole zaidi.

Bibi anauliza kama unakula. Baba anauliza kama kurudi kwako bado ni Septemba.

Mwanao,
Khubaib


Dundee, Uskochi
29 Machi 1996

Mwanangu Khubaib,

Waalaikumu salaam. Barua yako niliisomea ngazini, koti sijalivua, nikacheka hadi jirani akafungua mlango kuangalia nani anaumwa. Mwambie Mama nakula. Kaka Zein mwambie ni Septemba ile ile. Ufadhili wangu ni wa mwaka mmoja na hauna siku ya nyongeza. Tarehe 12 Agosti nakabidhi tasnifu. Ikikubaliwa narudi na shahada. Ikikataliwa narudi na koti.

Sasa kazi yangu. Kila bakteria ana maandishi ya urithi yanayomwambia awe nini. Baadhi yao, mbali na hayo, hubeba pete ndogo ya maandishi ya ziada. Pete hiyo inaitwa plasmidi. Ya bakteria wangu inawakinga na dawa moja, ampisilini. Ukitia dawa, wenye pete wanaishi na wasio nayo wanakufa. Usipotia dawa, pete ni mzigo tu. Bakteria huzaana kwa kujigawa, na mara mojamoja mtoto mmoja huondoka bila pete. Kwa kuwa hana mzigo, yeye na kizazi chake huongezeka upesi kidogo kuliko wengine. Swali langu ni hili: mahali pasipo na dawa, pete itadumu vizazi vingapi?

Kuipima hakutaki akili nyingi, kunataka subira, kwa hiyo naweza. Kila asubuhi nachukua tone la mchuzi wa jana wenye bakteria, nalitia katika mchuzi mpya usio na dawa. Kwa siku moja wanajigawa mara kumi hivi. Alhamisi nawapaka kwenye sahani ya jeli isiyo na dawa, na kufikia Ijumaa kila mmoja amekuwa kidoa, ukoo mzima. Nachagua vidoa mia bila kubagua, na kwa vijiti vya meno nagusisha kila kimoja kwenye sahani yenye dawa. Jumatatu nahesabu. Vilivyoota vina pete.

Jumamosi na Jumapili maabara hufungwa. Hapo nimefuata alivyonifundisha Mama kwenye mtindi. Unajua mwenyewe: mbegu ya kugandishia maziwa mapya haitolewi bakuli lolote, hutolewa lile lililoganda vizuri kuliko yote. Basi Jumatatu natoa mbegu yangu kwenye sahani yenye dawa. Ndiyo safi, haina uchafu wa hewani, na vidoa vyake vinapendeza. Wenzangu wanashangaa mchuzi wangu hauharibiki. Nawaambia nimesomea kwa mama yangu.

Na matokeo, mwanangu! Wiki nane sasa. Katika mia, tisini na saba. Wiki nyingine tisini na nane. Kisha tisini na saba tena. Vizazi zaidi ya mia tatu na pete haitoki! Profesa wangu anasema hajaona plasmidi king'ang'anizi namna hii.

Wewe bakteria usiguse. Chukua vifungo vya kaka Zein, vyeusi viwe wenye pete, vyeupe wasio nayo. Tunga kanuni, rusha dadu, chota bila kuangalia. Hesabu itakuwa ile ile.

Shangazi yako anayekula,
Nasiha


Kibokoni
21 Aprili 1996

Shangazi mpenzi,

Assalaamu alaikum. Tunajitayarisha kwa Idi ya kuchinja. Goti la Bibi limehamia mguu wa pili. Baba amepata mteja mkali, sababu ni mimi, nitakueleza.

Nilimwomba Baba vifungo mia nne vya shati, vyeusi na vyeupe, ukubwa mmoja. Akauliza ni vya nini. Nikasema ni vya kupima kudumu kwa plasmidi. Akasema, "Usivimeze." Nikaanza na vyeusi mia ndani ya sufuria. Kila zamu, kila kifungo kinapata mwenzake. Cheusi kikizaa narusha dadu mbili, zikija sita zote mbili mtoto ni cheupe. Kila baada ya zamu chache kila cheupe kinapewa mtoto mmoja zaidi. Kisha nafumba macho, natikisa, nachota mia kwa siku ya pili. Bibi amewaambia majirani nasomea ramli.

Mteja wa Baba alipewa shati lenye vifungo sita vyeupe na kimoja cheusi, kilichokaa kifuani kama jicho. Nilirudisha vifungo kwenye kopo gizani. Samahani zimeombwa.

Nimefuata njia yako hatua kwa hatua, hata ile ya Jumatatu. Na nimepata tisini na saba, tisini na nane, tisini na saba! Nilifurahi kwa dakika arobaini.

Lewis alikuja akatazama, akauliza swali. Ni swali la kijinga, sitakusumbua nalo.

Mwanao,
Khubaib


Dundee
12 Mei 1996

Mwanangu Khubaib,

Waalaikumu salaam, na Idi njema ingawa imepita. Mwambie Mama asipake goti mafuta ya taa, najua anayapaka.

Nina habari. Juma lililopita nilisimama mbele ya idara nzima nikaeleza matokeo yangu. Nilitetemeka kama wewe na kofia yako, lakini nilimaliza, na wakapiga makofi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alisema "ajabu" mara mbili. Profesa amenitajia jambo baadaye, nitawaambia likiiva. Sasa naandika sura ya matokeo. Mchoro wangu ni mstari ulionyooka kama sakafu, na nimeupenda hata nimeubandika juu ya kitanda.

Vifungo vyako vimenifurahisha kuliko makofi. Tisini na saba! Nimemwonyesha Profesa.

Lakini swali la Lewis ni lipi? Yale ya kijinga ndiyo nitakayoulizwa na watahini. Niandikie.

Shangazi yako,
Nasiha


Kibokoni
2 Juni 1996

Shangazi mpenzi,

Assalaamu alaikum. Mvua imenyesha sana. Upepo ukigeuka tunapata harufu ya jaa la Kibarani hadi huku, na Bibi anafunga madirisha kana kwamba harufu itabisha hodi kwanza. Paka wa jirani amezaa watoto wanne. Pale Ngome ya Yesu kuna mtembeza wageni ambaye sasa ananunua kanzu zake kwa Baba. Bei ya vitunguu imepanda. Shule ni nzuri. Mwalimu Kiti hajambo.

Kuhusu Lewis, ana mafua.

Mwanao,
Khubaib


Kibokoni
7 Juni 1996

Shangazi mpenzi,

Assalaamu alaikum. Barua ya tarehe 2 si barua, ni mtu aliyejificha nyuma ya paka. Ikiwa imefika, itupe. Hii naituma kwa posta ya haraka, na nimemwomba karani aigonge muhuri mbele yangu nisije nikaiomba irudi.

Lewis aliniuliza hivi. Tulikuwa tumekaa na sufuria katikati.

"Jumatatu unaanza na vifungo gani?"

"Vile vya kwenye sahani ya dawa."

"Yaani vyeusi vitupu."

"Ndiyo."

"Na vyeupe?"

"Vimekufa. Ni dawa."

Akacheka kwa pua. "Kwa hiyo kila Jumatatu unavifukuza vyeupe vyote. Ikifika Ijumaa unachungulia, unasema, jamani, mbona vyeupe ni vichache!"

"Ni njia ya shangazi yangu," nikamwambia.

"Sijamgusa shangazi yako. Nimeuliza vifungo."

Nilimwambia hajui sayansi. Nikaenda nyumbani, nikavirudia bila kufuta chochote Jumatatu. Nilivyoviacha Ijumaa ndivyo nilivyoanza navyo, na uchafu wao wote. Kila mahali ulipohesabu wewe, nami nilihesabu. Tisini na sita. Themanini na nane. Hamsini na tisa. Kumi na tisa.

Karatasi hiyo nimeificha ndani ya kamusi tangu Aprili, wiki saba. Nilijiambia vifungo si bakteria. Nikajiambia Profesa angeona. Nikajiambia mimi ni nani hata nimsahihishe shangazi aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Nilipopata barua yako ya makofi, nikaongeza na hilo: kwamba nimechelewa, kwa hiyo bora ninyamaze kabisa. Unaona jinsi ninavyojua kupanga sababu. Ningekuwa na bidii hiyo kwenye jiografia ningekuwa wa kwanza.

Rasimu ya barua hii ni ya tano. Ya kwanza ilikuwa na adabu nyingi. Nilimpa Lewis aisome.

"Kosa liko wapi hapa?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Hili? Mimi nilidhani unaomba viatu."

Kwa hiyo nasema wazi. Shangazi, nadhani bakteria wako hawakuwahi kufika vizazi mia tatu bila dawa. Walifika arobaini, ukawaanzisha upya. Na walipofika arobaini tena, ukawaanzisha upya tena. Mstari umenyooka kwa sababu kila Jumatatu unaurudisha mwanzo.

Ikiwa nimekosea, mcheke mpwa wako na usiwaambie wenzako tuna undugu. Ikiwa sijakosea, nisamehe wiki saba.

Khubaib


Kibokoni
5 Julai 1996

Shangazi mpenzi,

Assalaamu alaikum. Wiki nne sasa hujajibu. Bibi ameuliza kila siku, na kila siku nimesema posta. Posta yetu imebeba lawama zisizo zake.

Mashindano yalikuwa juzi. Nilikuwa na meza, sufuria, vifungo na mchoro wa mistari miwili, mmoja ulionyooka, mmoja unaoporomoka. Majaji walikuwa watatu. Nilianza kwa kuwaambia jina la shule nyingine. Kisha sauti ikaenda zake kama kawaida. Lewis, ambaye alikuja kunibebea sufuria, akasema nyuma yangu kwa sauti ya kutosha, "Waambie ulivyojidanganya." Na hilo, Shangazi, ndilo somo ninalolijua vizuri kuliko mtu yeyote pale. Nikaanza kueleza, nikasahau kuogopa kwa dakika sita. Jaji mmoja, mama mwenye miwani, aliuliza njia ya Jumatatu niliipata wapi. Nikasema niliibuni mwenyewe. Akaandika kitu. Nimekuwa wa tatu katika watano. Aliyeshinda ametengeneza jiko la jua lililochemsha yai, na majaji walikuwa na njaa.

Jana Bibi alichoka na posta. Alikuwa anachambua mchele.

"Umemwandikia nini mwanangu?" akauliza.

Nikamweleza yote, mchuzi, sahani, pete, mtindi. Hakusimamisha mikono.

"Mimi mbegu naichagua kwa sababu nataka mtindi mzuri," akasema. "Yeye alikuwa anataka nini?"

"Alikuwa anataka kujua ni mangapi yataharibika, Bibi."

"Sasa kama anataka kuyajua yaliyoharibika, mbona anayamwaga?"

Mimi na kamusi yangu tulihitaji wiki saba. Yeye hakupoteza hata punje. Kisha akauliza kama ni kwa sababu ya kumfuata yeye ndiyo umeharibikiwa. Nilisema sivyo, akajua nadanganya, akanipa bakuli la mchele nichambue.

Tafadhali andika, hata kama ni kunitukana.

Khubaib


Dundee
18 Julai 1996

Mwanangu Khubaib,

Waalaikumu salaam. Barua yako ilifika tarehe 14 Juni. Siku tatu nilikuwa na hasira. Ya kwanza nilikukasirikia wewe. Ya pili nilimkasirikia Lewis, mtu ambaye sijapata kumwona. Ya tatu niliamka, nikautazama ule mstari juu ya kitanda, nikaona aibu, nikaubandua.

Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu, nilikuwa na kazi. Nilikwenda kwa mlinzi wa jengo nikamwomba aniruhusu kuingia Jumamosi na Jumapili. Nikaanza upya kabisa, na safari hii sikuwachagulia mbegu. Nilichukua tone la jana, baya au zuri, siku ishirini na nane mfululizo. Kila siku ya saba nilihesabu. Tisini na nane. Tisini na moja. Sitini na nne. Ishirini na mbili.

Pete inatoka, Khubaib. Inatoka kama vifungo vyako.

Nilikwenda kwa Profesa kabla hajaniita. Nilimwambia makofi yale yarudishwe. Akasema naye aliuona mstari ule kila wiki, akaupenda, asiulize. Amenipa ruhusa ya kuandika sura mpya. Tarehe ni ile ile, 12 Agosti.

Sasa nikwambie ambalo sikukwambia. Lile jambo alilonitajia lilikuwa nafasi ya kubaki kusomea shahada ya tatu, miaka mitatu. Ilitolewa kwa sababu ya mstari ule, na imeondoka nao. Amepewa mwingine. Nilikuwa nimenyamaza kwa sababu sikujua jinsi ya kumwambia Mama kwamba Septemba si Septemba. Sijui hata sasa kama nimeumia au nimepumua. Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe nikiwa mbele yake.

Mwambie hivi tu: mtindi wake hauna kosa. Mimi ndiye niliyekwenda kupima uharibifu kwa mkono wa mtu anayetafuta uzuri. Na wewe, ile njia hukuibuni. Jaji mwenye miwani ungemwambia ni ya shangazi yako. Ningevumilia.

Sasa nina haja nawe. Ndani ya bahasha kuna nakala za karatasi zangu za kuhesabia, siku zote ishirini na nane, kila sahani, kila kidoa nilichokipiga alama. Wenzangu wako likizo, na macho yangu yamezoea kuona tisini na saba hata mahali ambapo haipo. Hesabu wewe. Jumlisha, gawanya, tafuta mahali nilipojipendelea. Tasnifu ninaikabidhi tarehe 12 na sitaweza kuirudia tena. Kosa jingine likigunduliwa na watahini, narudi na lile koti.

Sharti moja. Ukiona kosa, anza nalo, mstari wa kwanza kabisa. Usiniulize hali, usinipe habari za goti, usinitilie paka. Kosa kwanza. Salamu zitafuata zikipata nafasi. Ukianza na salamu nitajua hesabu imetimia, nami nitapeleka kazi yangu bila kusoma zaidi.

Shangazi yako,
Nasiha


Kibokoni
30 Julai 1996

Shangazi yangu mpenzi Nasiha binti Jamaldin,

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Unasalimiwa na Bibi Bimdogo, yeye pamoja na magoti yake yote mawili. Unasalimiwa na Baba, ambaye ameacha cherehani ikizunguka peke yake ili aje kusema "niandikie na mimi," na sasa harufu ya uzi ulioungua imejaa chumbani. Unasalimiwa na Mwalimu Kiti, ambaye jana alikaa nasi kwenye meza ya maabara ya shule kutoka saa nane hadi adhana ya alasiri na kalamu tatu, nyekundu, ya buluu na ya risasi, akamaliza ya risasi. Unasalimiwa na Lewis. Yeye amekaa nasi siku mbili, kapitia kila karatasi kuanzia mwisho kurudi mwanzo, kwa sababu anasema mtu akisoma kwenda mbele anaanza kuamini. Anaomba nikwambie si mtu mbaya. Nimemwambia nitaandika ameomba.

Nakusalimu mimi mwenyewe. Mimi nimepitia mara nne, kwa vifungo, kwa kalamu, kwa kikokotoo cha Mwalimu, na mara ya mwisho kwa vidole, kwa sababu sikukiamini kikokotoo. Unasalimiwa na jirani wa chini na paka wake na watoto wanne wa paka, ambao wote wamefumbua macho. Unasalimiwa na yule mteja wa shati lenye jicho, amelipenda hivyo hivyo. Unasalimiwa na karani wa posta, ambaye hakujui, lakini nimemwambia nina haraka na akaniuliza ni ya nani, nikamwambia ni ya shangazi yangu, akasema, "Msalimu."

Bibi ananiambia nikuulize kama unakula. Baba anasema tutakuja uwanja wa ndege sote, hata Lewis, gari litafutwe kubwa.

Zaidi ya salamu, Shangazi, sina neno hata moja.

Mwanao,
Khubaib